Mita Janja za Maegesho: Namna ya Kupima Uwezo Wake Kabla Kaunti Haijanunua

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikiwa ya nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, barabara zake za katikati hazikuongezeka upana. Magari yanayotafuta pa kusimama Kenyatta Avenue, Moi Road na Mosque Road yanagombea nafasi zilezile, na mwuzaji yeyote anayefika na pendekezo la mita janja za maegesho hakosi msikilizaji. Mwongozo huu umekusudiwa afisa wa kaunti anayeandaa masharti ya zabuni, mwakilishi wadi anayepaswa kuyahoji masharti hayo, na mkazi anayetaka kujua ada yake inapita njia gani. Mifano mingi ni ya Nakuru na Kisumu, ingawa Kakamega, Eldoret au Kisii wanaweza kufuata utaratibu huohuo.

Mita ya kwanza ya maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935, na kazi yake ilikuwa kupokea sarafu na kuhesabu dakika. Mita za leo hutambua gari linapoingia, hupokea pesa za simu, hutuma taarifa kwenye seva, hubadilisha bei kulingana na saa, na hata husoma bamba la nambari. Orodha ya uwezo wa namna hiyo inaweza kujaza kurasa nyingi za kijitabu cha mwuzaji. Swali la kuulizwa ni moja: je, mfumo unaweza kulinganisha saa ambazo nafasi imekaliwa na saa ambazo zimelipiwa, nafasi kwa nafasi, na takwimu hizo zisiweze kubadilishwa na mtu kimyakimya? Uwezo usiosaidia ulinganisho huo ni pambo, na kaunti italilipia pambo hilo kwa miaka yote ya mkataba.

Hatua ya kwanza: Isome sheria ya ada, kisha hesabu magari

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti kazi ya barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Hata hivyo, Kifungu cha 210 kinasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na ndiyo maana ada za maegesho huandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti inayopitishwa na bunge la kaunti. Jambo hili lina uzito wa kiufundi. Ikiwa sheria inatoza ada moja kwa siku nzima, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya Kenya, mita inayohesabu dakika haina cha kuhesabu: mwenye duka atalipa asubuhi, ataliacha gari mbele ya duka lake hadi jioni, na mteja wake atazunguka mtaa mzima. Kabla ya kuandika neno lolote kuhusu mashine, amua iwapo kaunti inataka kutoza kwa saa, kwa nusu siku au kwa siku, na uhakikishe kwamba sheria itasema hivyo siku mfumo utakapowashwa.

Baada ya hapo, hesabu. Chukua mitaa michache inayotofautiana kwa tabia, kwa mfano mmoja wa benki na ofisi, mmoja wa karibu na Top Market, na mmoja ulio pembeni kidogo ambako nafasi hubaki. Watu wawili wapite kila baada ya nusu saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, wakiandika nambari za magari yaliyopo na nafasi yalipo. Zoezi hili lifanyike siku ya kawaida, siku ya mwisho wa mwezi, na siku ambayo shule zinafunguliwa. Kisumu, ambako soko la Kibuye hufurika Jumapili, itahitaji hesabu ya Jumapili pia. Karatasi hizo zitaonyesha mambo mawili ambayo mwuzaji hawezi kukuambia: wastani wa muda ambao gari hukaa, na kiwango cha kujaa kwa kila mtaa. Donald Shoup, profesa wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles aliyetumia miaka mingi kuchunguza maegesho, alipendekeza kwamba bei ilenge kuacha mtaa ukiwa umejaa kwa takriban asilimia 85, ili anayefika apate walau nafasi moja au mbili bila kuzunguka. Mtaa wako ukionyesha asilimia 50 saa zote, hauhitaji mita. Unahitaji rangi mpya ya mistari.

Hatua ya pili: Chagua umbo la mita

Kuna maumbo matatu. La kwanza ni mita ya nguzo inayosimama mbele ya kila nafasi. La pili ni kibanda kimoja cha malipo kinachohudumia nafasi kumi hadi ishirini, na dereva huingiza nambari ya gari lake hapo. La tatu halina mashine yoyote ya malipo barabarani: kuna vibao vya maelekezo, dereva hulipa kwa simu, na "mita" ni rekodi iliyoko kwenye seva.

Kwa miji yetu, mwandishi huyu anaegemea umbo la tatu, likisaidiwa na vibanda vichache sana mahali ambapo wageni ni wengi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na mtu mwenye gari asiye na namna ya kulipa kwa simu ni nadra kumpata. Tundu la sarafu, kwa upande mwingine, ni mlango wa vumbi, wa maji ya mvua na wa vijiti vya watu watundu, na sarafu zenyewe huhitaji mtu wa kuzikusanya, gari la kuzibeba na mtu wa kuzihesabu. Kichapishi cha risiti nacho kina sehemu zinazosonga, huishiwa karatasi na huzibwa na vumbi la Januari na Februari. Risiti ya ujumbe mfupi inatosha.

Vibanda vichache vitakavyobaki viwe na skrini inayosomeka juani saa saba mchana, maandishi ya Kiswahili na Kiingereza, na vitufe vilivyo kati ya sentimita 90 na 120 kutoka ardhini ili mtu anayetumia kiti cha magurudumu avifikie.

Hatua ya tatu: Kijaribu kitambuzi kwa magari ya mtaani kwako

Kitambuzi ndicho kinachosema kwamba nafasi imekaliwa, na ndicho chenye madai mengi yasiyopimwa. Aina zinazouzwa zaidi ni tatu.

Kitambuzi cha sumaku hufukiwa kwenye lami au hubandikwa juu yake, na hupima jinsi chuma cha gari kinavyovuruga uga wa sumaku wa dunia. Ni cha bei nafuu, hutumia umeme kidogo mno, na betri yake huweza kudumu miaka kadhaa. Udhaifu wake unatokana na mahali tulipo. Katika eneo letu la ikweta uga huo una nguvu ya takriban maikrotesla 33 au 34, ilhali London ni karibu 49, na sehemu ya mvurugo unaosababishwa na gari hutegemea nguvu ya uga wenyewe. Kifaa kilichorekebishwa kiwandani Ulaya, kikaletwa hapa bila kurekebishwa upya, kinaweza kuliona gari dogo kama si kitu. Lori linalopita karibu, au gari refu lililoegeshwa katika nafasi ya jirani, linaweza nalo kukifanya kidhani nafasi yake imejaa.

Kitambuzi cha rada hutuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Kinaona gari hata likiwa na chuma kidogo, lakini hutumia umeme zaidi, na maji yaliyotuama juu yake au tope zito huweza kukivuruga. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huunganisha sumaku na rada katika kifaa kimoja: sumaku hukesha, na rada huamshwa tu sumaku inapohisi badiliko. Muungano huu ndio ambao ningeuomba kwenye zabuni.

Kamera iliyo juu ya nguzo huona nafasi nyingi kwa pamoja na, ikiwa na programu inayofaa, husoma nambari za magari. Inahitaji umeme wa kutosha, mawasiliano ya kasi zaidi na mtu wa kusafisha lenzi, na inaleta wajibu wa kisheria utakaoelezwa katika hatua ya saba. Basi likisimama mbele yake, nafasi zilizo nyuma ya basi hazionekani.

Usikubali majaribio ya uwanja wa mwuzaji. Andaa orodha ya vyombo vinavyosimama kwenye nafasi za mji wako na umtake kila mshindani akijaribu kitambuzi chake kwa vyote: gari dogo la saluni, probox iliyoshushwa na mzigo wa viazi, matatu ya abiria 14, pikapu iliyoinuliwa, tuk-tuk, bodaboda tatu zilizobanana katika nafasi moja, na mkokoteni wa mchuuzi. Huo mkokoteni usionekane mzaha. Una ekseli ya chuma na magurudumu ya gari, unaweza kukaa nafasi moja tangu asubuhi hadi jioni, na hauna nambari ya usajili. Mfumo usiojua kuutofautisha na gari utaripoti kila siku kwamba kuna "gari" lisilolipa, na afisa atatumwa bure.

Uliza pia usahihi unapimwaje. Tuseme mwuzaji anaahidi usahihi wa asilimia 95 kwa kila tukio. Nafasi inayotumiwa na magari manane kwa siku ina matukio 16, manane ya kuingia na manane ya kutoka. Makosa ya asilimia 5 ni karibu kosa moja kwa kila nafasi kila siku. Katika nafasi 400, hayo ni makosa 320 kwa siku. Kutokana na hesabu hii nashauri kanuni isiyo na mlango wa nyuma: hakuna faini wala klampu itakayotokana na taarifa ya kitambuzi peke yake. Kitambuzi kimwelekeze afisa aende kutazama.

Wala si lazima kila nafasi iwe na kitambuzi. San Francisco iliweka vitambuzi kwenye maelfu ya nafasi katika mradi wake wa majaribio wa bei zinazobadilika, ulioanza 2011. Betri zilipofikia mwisho wake, vitambuzi vikazimwa mwishoni mwa 2013, na mji ukaendelea kukadiria kujaa kwa mitaa kwa kutumia rekodi za malipo, kwa kuwa tayari ulikuwa umejifunza uhusiano wa malipo na kujaa. Jiji lenye bajeti ndogo linaweza kuanzia pale San Francisco ilipoishia: vitambuzi katika mitaa michache ya mfano, vikihamishwa baada ya miezi kadhaa, na mingine ikikadiriwa kwa malipo na kwa hesabu ya miguu ya mara kwa mara.

Hatua ya nne: Fuatilia shilingi kutoka kwenye simu hadi kwenye akaunti

Chora njia ya malipo kwenye karatasi moja. Dereva anaweza kuanzisha malipo kwa programu ya simu janja, kwa msimbo mfupi unaopigwa kwenye simu ya mulika mwizi, au kwa kuweka nambari ya Paybill na kuandika nambari ya gari mahali pa nambari ya akaunti. Njia zote tatu zinahitajika, na ya tatu ndiyo yenye makosa mengi, kwa sababu mtu ataandika "KDA 123B", mwingine "kda123b", na wa tatu ataweka herufi O palipo na sufuri. Seva lazima iondoe nafasi, igeuze herufi zote kuwa kubwa, itambue mpangilio wa nambari na, inaposhindwa, imtumie mlipaji ujumbe wa kumwomba asahihishe, badala ya kuzimeza pesa zake.

Mpangilio huo usiwe wa Kenya pekee. Nakuru iko kwenye barabara kuu inayotoka Mombasa kwenda Uganda, na Kisumu haiko mbali na Busia. Magari yenye nambari za Uganda, Rwanda na Tanzania huegeshwa mijini humo kila siku. Pikipiki, tuk-tuk, magari ya serikali, ya kaunti na ya kibalozi nayo yana mipangilio yao. Mfumo unaokataa nambari ya mgeni humlazimisha aende kutafuta mtu wa kumlipa mkononi, na hapo ndipo ulinganisho wa saa zilizokaliwa na zilizolipiwa unapoanza kuvuja.

Njia iliyo salama zaidi dhidi ya makosa ya kuandika ni ile ambayo seva hutuma ombi la malipo kwenye simu ya dereva, kiasi kikiwa kimekwisha kujazwa, na kazi yake ni kuweka PIN. Lakini omba uonyeshwe kinachotokea jibu la mtandao wa pesa likichelewa. Mambo matatu yajaribiwe mbele yako. Kwanza, dereva amelipa na ujumbe wa uthibitisho ukakawia dakika kumi: je, anahesabiwa amelipa tangu alipolipa, au tangu seva ilipopata habari? Pili, taarifa moja ya malipo imefika mara mbili: je, seva inautambua msimbo wa muamala kuwa ni uleule na kuuhesabu mara moja, au inampa saa mbili kwa bei ya moja? Tatu, seva ilikuwa imezimika malipo yalipoingia: je, ikiamka huchukua orodha ya miamala kutoka kwa mtoa huduma na kujaza pengo yenyewe, au karani hukaa na kuyaingiza kwa mkono? Jibu la "karani" linatosha kumwondoa mshindani.

Vibandiko vya msimbo wa QR vina hatari yake. Mwanzoni mwa 2022 jiji la Austin, Texas, liligundua vibandiko vya bandia kwenye vituo vyake vya malipo, vikiwapeleka madereva kwenye tovuti ya matapeli. Hapa kwetu tapeli atahitaji tu kubandika nambari yake ya Till juu ya ile ya kaunti. Maandishi ya malipo yachongwe au yachapishwe kwenye bati lenyewe, jina litakalotokea kwenye simu kabla ya PIN litangazwe wazi, na afisa anayepita akague bati kila zamu.

Pesa ziingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mapato ya kaunti. Mfumo unaozipitisha kwanza kwenye akaunti ya mkandarasi, ndipo "azirejeshe" mwisho wa mwezi, uepukwe hata kama kila kitu kingine ndani yake kinapendeza.

Hatua ya tano: Umeme, mtandao na hali ya hewa

Kwa vibanda, dai hesabu ya umeme kwa maandishi. Kibanda kinachotumia wastani wa wati 1 kinahitaji wati-saa 24 kwa siku. Paneli ya wati 20 inayopata jua la nguvu kamili kwa saa nne huzalisha 80, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 huhifadhi 240, ambazo nusu yake tu ndiyo itumike ili betri ya risasi isife mapema. Kibanda hicho kina akiba ya siku tano bila jua, nayo inatosha kwa Aprili ya kawaida. Ongeza mwangaza wa skrini, kamera na kipaza sauti, matumizi yakifika wati 4, na akiba hiyo inashuka hadi siku moja na robo. Tukiwa karibu na ikweta, jua hupita juu ya utosi, kwa hiyo paneli huwekwa karibu bapa, ikiinamishwa kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Miti ya kivuli na mabango ya matangazo yapimwe mchana, mahali penyewe.

Kuhusu maji na vishindo, tumia viwango vya kimataifa ili pasiwe na ubishi. Alama ya IP65 maana yake kifaa kinazuia vumbi kabisa na kustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. IP67 hustahimili kuzamishwa hadi mita moja kwa nusu saa. Kitambuzi cha barabarani kisipungue IP67, kwani mifereji yetu ikiziba, mtaa hugeuka kijito. Kasha la kibanda liwe IK10, yaani lihimili pigo la joule 20. Bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na nyanda za Kisii na Kakamega zinajua hasara yake. Kibanda cha sola kisichounganishwa na nyaya za umeme wa mtaani kina njia moja pungufu ya kuingiliwa na radi, lakini antena na nguzo yake bado zinahitaji kuunganishwa na ardhi kwa waya na kuwekewa kinga ya mshtuko.

Vifaa vya redio vinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na cheti kiambatishwe kwenye zabuni. Kuhusu laini ya simu ndani ya kibanda, usikubali kifaa kinachotegemea mtandao wa kizazi kimoja cha zamani. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima mtandao wake wa 2G mwanzoni mwa 2017 na wa 3G mwaka 2022, na waliokuwa na vifaa vya aina hiyo walilazimika kuvibadilisha. Modemu, yaani sehemu inayokiunganisha kibanda na mtandao, itoke kirahisi bila kubadilisha mashine nzima. Na mtandao ukikatika, kifaa kiendelee kuandika matukio kwenye hifadhi yake, kila tukio likiwa na saa yake halisi, kisha kiyatume yote kwa mpangilio mawasiliano yakirudi. Jaribu kwa kung'oa antena kwa saa sita.

Hatua ya sita: Mpe afisa wa maegesho kifaa kinachomlinda yeye na dereva

Afisa aandike au apige picha ya nambari ya gari, na ndani ya sekunde chache aone moja kati ya majibu manne: limelipiwa hadi saa fulani, muda umekwisha, halijalipiwa, au lina kibali, kama vile cha mlemavu au cha mkazi. Kuwe na muda wa hisani, kwa mfano dakika kumi tangu gari lilipoegeshwa, ambao mfumo wenyewe unausimamia. Akitoa faini au kufunga klampu, kifaa kichukue picha yenye saa na mahali, na dereva apokee ujumbe wenye kiungo cha picha hiyo na namna ya kukata rufaa. Afisa asiweze kufuta rekodi; aweze tu kuongeza maelezo, na jina lake la kuingilia libaki.

Ulinganisho unafanyika hapa. Tuseme mtaa una nafasi kumi, na saa za kutoza ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, yaani saa-nafasi 100 kwa siku. Vitambuzi vinasema 78 zilikaliwa na seva inasema 51 zililipiwa. Uwiano ni asilimia 65, na zile saa 27 zinazobaki ndizo za kuulizia: ngapi ni za vibali, ngapi ni makosa ya kitambuzi, ngapi ni za wasiolipa, na ngapi afisa alipita asiandike kitu. Ripoti ya kila siku itoe takwimu hii kwa kila mtaa na kila zamu, na mkaguzi wa ndani wa kaunti aione bila kuomba ruhusa ya mkandarasi wala ya idara inayokusanya.

Hatua ya saba: Usalama na siri za watu

Nambari ya gari ikiunganishwa na simu, mahali na saa ni data binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayezikusanya kueleza sababu, kukusanya zile tu anazohitaji, na kutathmini athari pale hatari kwa wenye data ni kubwa. Zikivuja na kukiwa na hatari ya madhara, Kamishna wa Kulinda Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kwa vitendo, amua muda wa kuhifadhi. Rekodi ya gari lililolipa vizuri haina haja ya kubaki na nambari kamili baada ya hesabu za kipindi hicho kufungwa, ifanywe takwimu. Rekodi yenye faini ibaki hadi shauri liishe.

Usalama wa kifaa chenyewe uthibitishwe na mtu asiyelipwa na mwuzaji. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Joe Grand walionyesha hadharani jinsi kadi ya malipo ya mita za San Francisco ilivyoweza kuigwa na kupewa salio kubwa isivyo halali. Kosa lisilo la wizi nalo linaweza kulemaza mji: tarehe 1 Januari 2020 mita za New York ziliacha kupokea kadi kwa sababu programu yake ya malipo ilikuwa imewekewa tarehe hiyo ya mwisho na hakuna aliyeisogeza, na mafundi wakalazimika kuzifikia mashine moja baada ya nyingine. Dai orodha ya kila cheti na leseni iliyomo kwenye mfumo pamoja na tarehe yake ya kuisha, na uwezo wa kusasisha vifaa vyote kutoka ofisini.

Hatua ya nane: Jaribio la mtaani, kisha mkataba

Washindani wawili wa mwisho wapewe mtaa mmoja mmoja kwa siku 90, ikiwezekana zikigusa kiangazi na masika. Vigezo vya kupita viandikwe kabla: usahihi wa kitambuzi ukilinganishwa na hesabu ya watu, asilimia ya malipo yaliyotambuliwa bila mkono wa karani, muda wa kurekebisha kifaa kilichoharibika, na idadi ya faini zilizofutwa kwa rufaa. Mwenye vifaa vya kawaida anayetengeneza ndani ya siku moja ana thamani kuliko mwenye vifaa vya ajabu ambaye fundi wake yuko ng'ambo.

Chicago ndiyo inayopaswa kusomwa usiku wa kuamkia kutia sahihi. Mwaka 2008 jiji hilo lilikodisha mita zake takriban 36,000 kwa miaka 75 kwa dola bilioni 1.15 na ushei. Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu wa jiji alikadiria kwamba lilipata karibu dola milioni 974 pungufu ya thamani. Tena, jiji likifunga nafasi kwa ajili ya ujenzi au sherehe, linapaswa kumfidia mwekezaji. Kaunti ikikubali kifungu cha aina hiyo, kupanua njia ya watembea kwa miguu au kusogeza soko kutaanza kuwa na bei isiyokuwapo katika bajeti yoyote.

Kwa hiyo muda wa mkataba uwe wa miaka, usiwe wa vizazi, na usizidi umri wa betri. Data zote ziwe mali ya kaunti, zitolewe kila mwezi katika mpangilio unaosomeka na mfumo mwingine wowote. Kaunti iwe na haki ya kuondoa nafasi bila fidia hadi kiwango kilichotajwa. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi uwiano wa saa zilizolipiwa na zilizokaliwa ufike kiwango kilichokubaliwa na ubaki hapo kwa robo mwaka mzima. Na kuwe na mstari unaosema ni nani, mkataba ukiisha, atakayeng'oa vitambuzi barabarani na kuziba matundu kwa lami kabla ya mvua za Machi.